“Volti si ni zilezile?”

Wiki hii nimeulizwa swali hilo mara tatu, na hii ya tatu ndiyo imenikalisha kitako niandike. Mteja kaingia, mkono mmoja kashika baiskeli yake ya umeme, mkono wa pili betri mpya ya kampuni nyingine. Ya zamani, anasema, imechoka. Imeandikwa volti 36, na mpya imeandikwa volti 36. Mpya imeingia kwenye fremu bila kulazimishwa, kufuli likabana vizuri. Anabonyeza swichi: skrini inawaka, inakaa kidogo, msimbo wa hitilafu unatokea, basi. “Fundi, volti si ni zilezile? Inagoma nini?”

Naomba hili tulimalize leo. Kwenye baiskeli ambazo kampuni imefunga mfumo wake, volti ni za kukufikisha mlangoni tu. Mota haifunguki kwa volti, inafunguka kwa mazungumzo. Betri isiyojua kujibu, hata ijae pomoni, kwa mota hiyo ni mzigo wa kilo tatu.

Nilimwekea betri zote mbili mezani nikachukua mita. Nikagusa pini ya chanya na ya hasi za betri yake ya zamani: sifuri. Akashtuka. “Kumbe imekufa kabisa!” Nikagusa mpya: 41.6. “Si unaona? Mpya ndiyo nzima!” Hapo ndipo watu wanapopotea, na sitaki kumlaumu mtu, kwa sababu kila kifaa kingine maishani mwake kimemfundisha kwamba sifuri ni kifo. Betri ya zamani ilionyesha sifuri kwa kuwa transista (swichi ndogo za umeme) za BMS yake, yaani bodi ya ndani inayolinda seli, zimekata njia ya kutolea umeme mpaka iamshwe. Haijafa, imelala ikisubiri kuitwa. Niliirudisha kwenye fremu, nikawasha, nikapima kwenye nyaya za mota: volti 37 na ushee. Ile mpya inamwaga volti zake kwenye pini saa zote, lakini mota ikiiuliza neno, haijibu. Ni mgeni aliyeingia bila hodi.

Tazama soketi ya betri yako. Kuna pini mbili nene, hizo ni za umeme wa kuendeshea. Katikati kuna nyembamba, na hizo ndizo wauzaji wa betri za bei nafuu hawazitaji kabisa. Kwenye mifumo mingine zinabeba CAN, njia ileile ya data inayotumika kwenye magari. Kwenye mingine ni UART, njia nyingine ya data. Mota inauliza: wewe nani? Una chaji kiasi gani? Seli zako zina joto gani? Sasa hivi unaweza kutoa ampea ngapi bila kuumia? Inauliza tena na tena wakati wote unapoendesha. Jibu lisipokuja, au likija kwa mpangilio usiotambulika, mota inakataa kazi. Wala si lazima betri iwe ya kampuni nyingine. Bosch, watengenezaji wa mota na betri za baiskeli, walipotoa mfumo wao mpya wa Smart System mwaka 2021, betri zao wenyewe za kizazi cha nyuma hazikuoana na mota hizo mpya. Jina ni lilelile kwenye ganda na bado haziongei lugha moja. Sasa nani ataniambia tena kuhusu volti?

Baiskeli zenye kontrola (kisanduku kinachoiongoza mota) ya kawaida isiyouliza chochote ni habari nyingine. Huko linganisha volti, hakikisha BMS inatoa ampea ambazo kontrola inazitaka, angalia chanya na hasi zisiwe zimepishana, umemaliza.

Turudi kwenye zilizofungwa, maana kuna ubishi unaonichosha kuliko swali lenyewe. Kundi moja linasema kufuli lile la mazungumzo lipo kwa ajili ya usalama, watu wasiunguze nyumba zao. Kundi la pili linasema ni uchoyo mtupu, kampuni inataka ununue kwake milele. Ninasikia yote mawili yakisemwa kwa uhakika uleule, na yote mawili yanaruka jambo la msingi: kufuli linauliza jina, halipimi afya. Betri halisi iliyoloa maji msimu mzima, vibati vyake vya nikeli vikaanza kuliwa na kutu, italitaja jina lake na kukubaliwa papo hapo, mpaka siku BMS yake yenyewe itakapogundua kwamba kundi moja la seli limebaki nyuma. Betri ya kampuni nyingine iliyojengwa kwa seli bora, imechomelewa kwa uangalifu, ina fyuzi na imepita majaribio ya UL 2271, kiwango cha usalama wa betri za vyombo vyepesi, inafukuzwa kwenye neno la kwanza. Ukiita hilo ulinzi wa moto, nionyeshe moto gani umezuiwa hapo.

Lakini wale wa uchoyo nao wanatupa mtoto na maji ya kuogea. Yale maswali mengine, la joto na la ampea, si mapambo. Seli ya lithiamu ukiichaji chini ya nyuzi 0, lithiamu inaanza kuganda kama metali juu ya anodi, upande wa hasi wa seli, na madhara hayo hayarudi nyuma. Seli ikikaribia kuisha, volti zinazama haraka ukiibana: pakiti yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.2 ukiivuta ampea 15 inapoteza volti 3 hapohapo. Mota inayopata taarifa za kweli hupunguza nguvu taratibu, unahisi tu kilima kimekuwa kizito. Mota iliyodanganywa haina taarifa hiyo. Kinachobaki ni BMS, na BMS haijui kupunguza. Inajua kukata. Kukatiwa nguvu ghafla katikati ya makutano, magari nyuma yako, ni hatari ambayo haimo kwenye tangazo lolote la betri “inayooana na mifumo yote”.

Na hapa nifike kwenye kitu kilichonikasirisha kwa kweli. Kuna betri za kuiga ambazo zimejifunza kujibu. Niliifungua moja iliyokuja ikinuka plastiki iliyoungua. Mwenyewe alilalamika tu kwamba inazima ikifika asilimia 40. Ndani, kwenye bodi, kulikuwa na mahali pa kihisi joto. Kihisi chenyewe hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na rezista ya kilo-omu 10, imelehemiwa nadhifu kabisa. Anayejua kazi hii ameshaelewa: kihisi cha aina hiyo huwa na kilo-omu 10 kikiwa kwenye nyuzi 25. Kwa hiyo betri ile, iwe juani, iwe kwenye baridi kali, iwe inaanza kupika seli zake, ilikuwa inaiambia mota kwamba mambo ni shwari, nyuzi 25. Vibati vya kundi la tatu vilikuwa vimegeuka rangi ya chai. Na zile asilimia hazikuwa zimehesabiwa. Zilikisiwa kutoka kwenye volti, ndiyo maana kila kilima kilikuwa kinaizima.

Kwa hiyo betri inayonyamaza na kukataliwa ni hasara. Betri inayojibu uongo ikakubaliwa, hiyo siigusi. Hata uniletee imefungwa na utepe mwekundu.

Namba za kwenye ganda, haraka. Pakiti ya volti 36 ni makundi 10 ya seli kwa mfululizo, inajaa kwenye volti 42. Ganda likiwa na nafasi ya seli 40 za 18650 (seli za mviringo za ukubwa wa kawaida), ni seli 4 sambamba kwa kila kundi. Seli nzuri ya kawaida ya ukubwa huo huishia karibu ampea-saa (Ah) 3.5, kwa hiyo jumla ni Ah 14, sawa na wati-saa (Wh) 504, ndiyo nishati yote iliyomo. Mtu akikuuzia ganda hilohilo lenye seli hizohizo akaliandika Ah 20, anadai seli za Ah 5. Ipime kwenye mizani pia: seli moja ya 18650 ni kama gramu 45 hadi 50, seli 40 peke yake zinakaribia kilo 2. Pakiti nzima ikiwa nyepesi kuliko hapo, hesabu haidanganyi.

Njia ambayo watu wananishauri, kana kwamba sijawahi kuisikia, ni kubadilisha seli tu na kubaki na ganda na BMS halisi. Nimeifanya mara nyingi. Naipenda kuliko zote, na bado ndiyo inayoninyima usingizi. BMS nyingi zina kumbukumbu. Kundi moja likishuka chini ya kiwango fulani, au ukichomoa nyaya za kusawazisha makundi ya seli kwa mpangilio mbaya, inaandika hitilafu ya kudumu, na kuanzia hapo hata uipe seli mpya kabisa haifungui njia bila programu ya kampuni kuifuta. Ndiyo maana wengine wetu tunaishikilia bodi kwa umeme wa nje wakati seli zinatoka na nyingine zinaingia. Ikikubali, bado inaweza kukumbuka uwezo wa seli za zamani na kukusomea asilimia za uongo mpaka ijifunze upya.

Na baada ya yote hayo, nikiri jambo. Kuna pakiti niliyoijenga upya nikapima kila seli, ukinzani na uwezo, zote zikalingana. Baada ya miezi kadhaa kundi moja likaanza kuachwa nyuma. Nimeifungua, nimeitazama kwa lenzi, na mpaka leo siwezi kusema kwa kiapo kama kosa ni uchomeleaji wangu, seli, au bodi isiyosawazisha sawasawa. Fundi anayekwambia kazi yake haina shaka yoyote, muulize amefuatilia ngapi baada ya mwaka.

Kuunganisha betri ya ziada sambamba na ya asili ili uchukue “baraka” ya mazungumzo yake: tafadhali. Moja ikiwa na volti 40 na nyingine 36, ukinzani wa pamoja omu 0.2, ampea 20 zinarudi kwenye seli ambazo hazikuomba, kupitia njia ambayo BMS haikuiweka kwa kuchaji. Na chaja ya pakiti ya volti 48 inatoa 54.6, wakati ya volti 36 inajaa kwenye 42; usiniletee hadithi kwamba plagi iliingia.

Sheria zinasogea. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1542, inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vyepesi, baiskeli za umeme zikiwemo, ziweze kubadilishwa na fundi huru, hadi seli zilizomo ndani. Zipatikane kama vipuri kwa angalau miaka 5. Na programu isitumike kuzuia betri nyingine inayooana. Nimeisoma kwa furaha. Kisha nikakwama kwenye neno “inayooana”. Nani atalipima? Kampuni inaweza kusema haioani kwa sababu haijibu, na haijibu kwa sababu kampuni haijatoa lugha yake. Upande wa pili, New York ilibana kwa Sheria ya Jiji Namba 39 ya mwaka 2023: betri zinazouzwa zipite UL 2271, baiskeli zipite UL 2849. Mwaka huohuo moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 jijini humo, kwa hiyo sina neno la kuipinga. Ila UL 2849 hupima mfumo mzima, mota, betri na chaja kwa pamoja. Ukiweka betri nyingine, hata iwe bora, mfumo uliopimwa si huo tena. Sheria moja inafungua, nyingine inafunga, na mimi nasimama kati yake na bisibisi mkononi.

Yule mteja wa tatu aliniuliza, “Sasa nifanye nini?” Nikamwambia mpya airudishe ilikotoka, ya zamani aniachie usiku mmoja. Nilimwaga chaji yake kwa kuendesha, kisha nikaichaji na kuhesabu kilichoingia mpaka ikajaa: karibu Wh 300, kutoka 500 za ilipokuwa mpya. Asubuhi nikamuuliza anaendesha umbali gani kwa siku. Kilomita 12, kwenda na kurudi. Kwa matumizi ya Wh 10 kwa kilomita, hiyo ni Wh 120. Akaniangalia, akaiangalia betri, akaipachika kwenye fremu mwenyewe.

“Kwa hiyo haikuwa imechoka?”

“Imepungua, ndugu yangu. Ichaji ndani, isikae imejaa wiki nzima bila kazi, uniletee tuipime tena baada ya miezi sita.”