Je, wajua kwa nini mashua inayoongoza hupitwa upepo ukigeuka?

Kwenye mashindano ya mashua ya Lamu, yale ya wakati wa Maulidi na yale ya tamasha la utamaduni la Novemba, jambo moja huwashangaza wageni waliosimama gatini. Chombo kimoja kimewatangulia wenzake kwa mita mia nzima na kinakwenda vizuri, tanga limejaa. Dakika chache baadaye ni cha tatu, na nahodha wake hakuonekana kukosea popote. Wengi husema ni bahati. Kwa kiasi kikubwa si bahati. Iko hesabu ndani yake, na mabaharia wa Shela, Matondoni na Kipungani wanaijua mikononi mwao hata kama hawajawahi kuiandika.

Tuanze na jambo ambalo kila chombo cha tanga hulazimika kulikubali: hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Kikitaka kufika huko hubisha, yaani hukata upepo kwa pembe, kikaelekea upande mmoja, kisha kikageuka na kuelekea wa pili. Mashua ndogo za kisasa za michezo hukaribia upepo hadi kama nyuzi 45. Mashua au ngalawa yenye tanga la foromali, yaani tanga linalofungwa kwenye boriti ndefu inayoning'inizwa mlingotini, huhitaji nafasi zaidi, takriban nyuzi 60. Tofauti hiyo ni ghali. Kwa nyuzi 45, kila kilomita 1 ya kupanda upepo inataka kusafiri kilomita 1.4. Kwa nyuzi 60 inataka kilomita 2 kamili.

Sasa tazama upepo ukigeuka. Fikiria ngazi iliyolazwa juu ya maji, vidato vyake vikikatiza upepo. Vyombo viwili vilivyo kwenye kidato kimoja viko sawa, hata kama kimoja kiko kushoto kabisa na kingine kulia kabisa. Upepo ukihama, ngazi yote huzunguka pamoja nao. Chombo kilicho upande ule ambao upepo umehamia hupandishwa vidato, na cha upande wa pili hushushwa, ingawa hakuna aliyeongeza mwendo. Vyombo vikiwa vimeachana mita 100 kwa upana na upepo ukahama nyuzi 10 tu, tofauti inayozaliwa ni mita 17 za kupanda upepo. Kwa mashua ya michezo ni kama mita 25 za kusafiri; kwa mashua ya foromali ni kama 35. Vikiwa vimeachana mita 300, mwenye tanga la foromali anadaiwa zaidi ya mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, hizo ni sekunde 45 na zaidi, na mshindi wa mashindano mengi hupatikana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Ndiyo maana nahodha mzoefu akishaongoza haendi tu kwa kasi. Huwatazama wanaomfuata. Wakielekea pwani, naye huelekea pwani. Wakigeukia bahari kuu, naye hugeuka. Lengo lake ni kukaa kati yao na boya la kugeukia, ili upepo ukihama uwahamishe wote pamoja na pengo libaki vilevile. Shida huanza wapinzani wanapokuwa wawili na kila mmoja akashika upande wake. Hapo kiongozi analazimika kuchagua wa kumlinda, na yule aliyeachwa ndiye anayepata nafasi. Aliye nyuma naye, akijua hivyo, hana sababu ya kufuata njia ya aliye mbele. Akimfuata atamaliza nyuma yake. Ni bora aende upande mwingine na kungoja upepo umsaidie.

Mbona basi wote wasigeuke kila upepo unapocheza? Kwa sababu kugeuza tanga la foromali ni kazi nzito. Mashua ya michezo hupitisha omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo na kwa sekunde chache iko safarini tena. Vyombo vingi vya mwambao hugeuka kwa kupitisha tezi, yaani sehemu ya nyuma. Nahodha huondoa omo kwenye upepo. Baharia hulegeza demani, ile kamba inayovuta ncha ya nyuma ya tanga. Foromali husimamishwa wima karibu na mlingoti, ncha ya tanga huzungushwa kupitia mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kamba za kuushikilia mlingoti huhamishiwa upande mpya wa upepo, kisha demani huvutwa upya. Muda wote huo chombo kinateremka na upepo, kikipoteza mita ambazo kilizipanda kwa shida. Demani ikichelewa kulegezwa, tanga hujiviringisha kwenye mlingoti. Kamba za mlingoti zikichelewa kuhamishwa na mkumbo wa upepo ukaja, mlingoti hubeba mzigo bila kushikiliwa na unaweza kuvunjika. Kwa hiyo mabaharia wa foromali hugeuka mara chache na kila mgeuko huufikiria. Kuchagua upande mapema kuna thamani kubwa kwao kuliko kwa mwenye mashua ya kisasa.

Na upande wa kuchagua, kwenye pwani yetu, si wa kubahatisha. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, ukitoka kusini na kusini mashariki. Juu ya pepo hizo kuu hupanda upepo wa kila siku. Asubuhi nchi kavu bado ina ubaridi wa usiku na umande huvuma kutoka bara kwenda baharini. Kufikia saa nne au saa tano jua limeipasha nchi joto, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi. Saa nane hadi saa kumi ndipo inapokuwa na nguvu zaidi. Matokeo yake, katika Kaskazi upepo wa asubuhi huelekea kutoka kaskazini, na alasiri huvutwa uje kutoka mashariki. Katika Kusi asubuhi huwa wa kusini, hata kusini magharibi, na alasiri husogea kusini mashariki. Misimu ni miwili lakini jibu ni moja: kadiri mchana unavyokwenda, upepo huhamia upande wa bahari. Shindano likianza saa tano na chombo kinabisha sambamba na pwani, aliyeshika upande wa bahari ana nafasi nzuri ya kupandishwa vidato. Akiwa kulia au kushoto inategemea msimu tu: akielekea kwenye Kaskazi bahari iko kuliani mwake, akielekea kwenye Kusi iko kushotoni.

Kati ya misimu, wakati wa maleleji, kanuni hii hulegea. Pepo kuu hazina nguvu, kila wingu lina amri yake, na shwari ya saa nzima ni jambo la kawaida. Ziwa Victoria, ambako klabu ya Kaazi karibu na Kampala huendesha mashua za michezo, halitegemei Kaskazi na Kusi kwa kiwango hicho: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Mkutano huo hupandisha hewa yenye unyevu na kuzaa ngurumo za usiku na alfajiri, ndiyo maana asubuhi mapema huko si wakati wa kujiamini.

Wingu la mvua linastahili maelezo yake. Mvua inaposhuka, sehemu yake hugeuka mvuke angani na kuipoza hewa. Hewa baridi ni nzito, huanguka, na ikigusa maji hutawanyika pande zote. Kwa hiyo upepo hutoka kwenye wingu kwenda nje, na mkumbo mkali hukaa mbele ya mvua. Chombo kilicho kwenye ukingo wa mbele hupata upepo mpya; kinachobaki nyuma ya wingu baada ya mvua kupita mara nyingi huachwa shwari, tanga likining'inia. Mabaharia wawili walioachana mita 500 wanaweza kuwa mmoja anapigana na usukani na mwingine hasogei.

Hapa ndipo raha ya mashindano hukutana na hatari, maana nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 28, nguvu huongezeka mara mbili. Kwenye mashua za Lamu jawabu la kwanza ni uzito wa watu: ubao hutokezwa nje ya ubavu upande wa joshini, upepo unakotoka, na mabaharia hukaa juu yake. Watu 4 wenye kilo 65 kila mmoja, wakikaa mita 2 kutoka katikati ya chombo, hukishikilia mara mbili na nusu zaidi ya wakiwa ndani, sentimita 80 kutoka katikati. Lakini upepo ukikata ghafla, uzito uleule hukilaza chombo upande wao, kwa hiyo wa ubaoni lazima wawe wepesi kurudi ndani. Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ya magunia ya mchanga ni hatari zaidi kwa maana hairudi yenyewe, na ikiteleza mashua inapoinama, huteleza kwenda upande mbaya.

Mkumbo ukija, legeza demani kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine. Ndiyo sababu demani haifungwi fundo. Huzungushwa nusu mzunguko na kushikwa mkononi. Ikiwa kulegeza hakutoshi, teremsha foromali. Tanga la foromali ni gumu kulipunguza likiwa juu, ndiyo maana vyombo vikubwa huwa na tanga kubwa na dogo, na uamuzi wa kulibadili hufanywa pwani au mapema kabla wingu halijafika. Dalili huonekana: viraka vyeusi vya maji yenye viwimbi vidogo, ubaridi wa ghafla usoni, vyombo vya mbele kuinama. Vichwa vyeupe vya mawimbi vikianza kuenea kila mahali, upepo umepita kilomita 20 kwa saa.

Septemba 24, 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul ambayo mashindano yake ya matanga yalifanyika Pusan, upepo ulipanda hadi karibu kilomita 65 kwa saa. Lawrence Lemieux wa Kanada, aliyekuwa wa pili kwenye mbio zake, aliona mashua ya Singapore imepinduka na watu wake wawili wako majini, wameumia. Aliacha njia yake akawaokoa, akamaliza wa 22. Waamuzi walimrudishia nafasi ya pili ya mbio hizo. Kanuni za dunia za mchezo huu ziko wazi: kusaidia aliye hatarini ni wajibu, na anayepoteza nafasi kwa kusaidia anaweza kufidiwa.

Boya likishageukwa na safari ikawa ya kushuka na upepo, mambo hupinduka, na hapa ndipo viongozi wengi hunyang'anywa. Wakati wa kubisha, mkumbo hutoka mbele, kwa hiyo wa kwanza huupata kwanza na pengo hupanuka. Wakati wa kushuka, mkumbo hutoka nyuma. Wa mwisho huupata kwanza na kuja nao, huku kiongozi bado anangoja. Zaidi ya hapo, tanga la aliye nyuma humkinga aliye mbele. Kivuli hicho cha upepo hufika umbali wa kama mara tano ya kimo cha tanga; tanga la mita 7 linaweza kumnyima mwenzake upepo akiwa mita 35 mbele. Anayeongoza hujilinda kwa kusogea kando kidogo ili apate upepo safi. Minazi na majengo hufanya vivuli vilevile: mnazi wa mita 15 unaweza kuharibu upepo hadi mita 150, na anayejibanza pwani kukwepa mkondo hulipia huko.

Mkondo wenyewe hauhitaji maneno mengi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na katika mlango kati ya Lamu na Manda yote hayo yanapita mahali pembamba. Hukimbia zaidi katikati penye kina, hupungua kwenye kingo, na kingoni ndiko yanakogeuka kwanza. Mkondo ukikinzana na upepo, mawimbi hupanda, mafupi na yenye ukali.

Katika klabu za mashua za michezo, ambako vyombo havifanani, ushindani hulindwa na hesabu. Mfumo uliozoeleka Uingereza, Portsmouth Yardstick, huipa kila aina ya mashua namba. Muda uliotumika huzidishwa kwa 1,000 na kugawanywa kwa namba hiyo. Mashua ya namba 1,100 iliyotumia dakika 55 huhesabiwa dakika 50, na huishinda ya namba 1,000 iliyomaliza kwa dakika 51. Hata hivyo, upepo ukifa katikati ya mbio, hesabu hii huwapendelea waliokwisha kufika, kwa kawaida wenye mashua za kasi. Ukiongezeka mwishoni, wa polepole hufaidika.

Upepo ukigeuka kabla ya kuanza, waamuzi huahirisha kwa kupandisha bendera ya mistari myekundu na myeupe, kisha huhamisha boya ili mwanzo usiwape upande mmoja ushindi wa bure. Bendera hiyo ikishushwa, ishara ya kwanza ya kuanza huja baada ya dakika 1, na dakika 5 baadaye mbio huanza. Nahodha mwangalifu hutumia dakika hizo kuelekeza omo kwenye upepo tena na kusoma dira, maana upepo uliopimwa kabla ya kuahirishwa si ule uliopo sasa.