Sauti ya debe kwenye vidio koli, bando halihusiki

Jamani huku Mtwara mtu akipiga vidio koli na eafoni za bluetooth sauti ikatoka kama yuko ndani ya debe, lawama zote kwa mtandao, anaongeza bando, anatoka mpaka nje, wapi! Mtandao mbovu picha inaganda na maneno yanakatika. Hili la debe ni bluetooth yenyewe: ukisikiliza mziki inaleta stirio safi, ila maiki ya eafoni ikiwaka tu, nyingi zinahamia njia ya simu, sauti inapimwa mara (sampuli) 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde badala ya 44,100 za mziki, ndo maana hata unachosikia wewe kinafifia. Kwenye laptop ingia seting chagua maiki ya laptop, eafoni zibaki za kusikilizia tu. Mi nilipofanya hivyo, dada yangu wa Masasi alidhani nimebadilisha simu.