Je, wajua ni kwa nini seli tano tu katika damu huweza kuashiria mwenendo wa saratani ya matiti?

Mwaka 1869, daktari Thomas Ashworth wa Australia alichunguza kwa hadubini damu ya mtu aliyefariki kwa saratani, akaona ndani yake seli zilizofanana na zile za uvimbe wenyewe. Seli za namna hiyo hubanduka kutoka kwenye uvimbe na kuingia katika mishipa ya damu. Nyingi hufa njiani, lakini chache zinazosalia zaweza kuota upya mifupani, mapafuni au kwenye ini. Ndiyo maana idadi yake hudokeza kasi ya ugonjwa.

Kazi ngumu ni kuzipata, kwa kuwa mililita 7.5 za damu, ambazo hazijazi hata vijiko viwili vya chai, zina mabilioni ya seli nyekundu na mamilioni ya seli nyeupe. Mtambo uitwao CellSearch hutumia chembechembe za chuma zilizopakwa kingamwili inayonasa EpCAM, protini iliyo juu ya seli nyingi za saratani ya matiti lakini haipo kwenye seli za kawaida za damu. Sumaku huzivuta, kisha hutiwa rangi zinazong'aa ili zitengwe na seli nyeupe zilizofuata mkumbo. Zipo pia seli za saratani zilizopoteza EpCAM, nazo huponyoka. Kwa hiyo jibu la sifuri halimaanishi kwamba damu ni safi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwafuatilia wanawake 177 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kusambaa. Miongoni mwa waliokutwa na seli tano au zaidi za saratani katika mililita 7.5 za damu kabla ya kuanza tiba mpya, nusu walifariki katika muda wa miezi 10 hivi, ilhali zaidi ya nusu ya waliokuwa na pungufu ya tano walivuka miezi 18.

Ingetarajiwa basi kwamba mgonjwa ambaye hesabu yake haishuki baada ya duru ya kwanza ya kemotherapia angefaidika kwa kubadilishiwa dawa mapema. Jaribio la kitabibu liitwalo S0500, lililopima wazo hilo, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2014 na ambalo, kwa maoni yangu, halitajwi inavyostahili, lilionyesha kuwa waliobadilishiwa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao: kipimo kilitambua vyema walio hatarini, ila dawa mbadala za kemotherapia nazo hazikuwafaa.