Lenzi ndefu si lenzi ya safari

Imefika mahali ambapo siwezi tena kulijibu swali hili nikiwa nimesimama mlangoni pa studio na kuendelea na kazi. Mtu amepata safari ya nje: kwaya yake imealikwa Ujerumani, au amepata nafasi ya masomo Uingereza, au ni mpigapicha mwenzangu anayefuatana na familia ya bwana harusi hadi Dubai. Anakuja na ombi moja tu: "Kaka, niazime ile ndefu," yaani lenzi inayovuta vitu vya mbali. Hasemi anakwenda kupiga nini, wala mwezi gani, wala kama ni ndani au nje. Kwake yeye safari na lenzi ndefu ni kitu kimoja. Juzi ombi hilo limekuja tena, tena kutoka kwa kijana anayepiga harusi vizuri kabisa hapa Mwanza, nami nimeona afadhali niandike.

Imani hii najua ilikotoka. Sisi tunaoishi huku tumezoea kuwaona wageni wanaopita kuelekea Serengeti kwa lango la Ndabaka, kwenye barabara ya Musoma, wakiwa na lenzi za milimita 400 na 600 (namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta zaidi na kuona eneo dogo zaidi), na hivyo ndivyo picha ya msafiri mwenye kamera ilivyojengeka vichwani mwetu. Lakini wageni wale hawakubeba lenzi hizo kwa sababu wamesafiri. Wamezibeba kwa sababu simba hasogelewi, na kanuni za hifadhi haziruhusu kushuka garini isipokuwa katika sehemu zilizotengwa. Umbali ndio uliowachagulia lenzi. Wewe unayekwenda Hamburg au Manchester utapiga watu waliokualika nyumbani kwao, meza ya chakula, chumba cha bweni, ukumbi wa mahafali, behewa la treni na kanisa ambalo kwaya itaimba. Mtu unayempiga atakuwa mita mbili mbele yako, na pengine hutakuwa na mahali pa kurudi nyuma.

Hesabu yake ni nyepesi na ninashangaa kwa nini watu hawaifanyi. Chukua kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), uigeuze wima, umpige mtu mzima kuanzia unyayo hadi utosi, ukiacha nafasi kidogo juu na chini, yaani kimo cha mita 2 kwa jumla. Kwa milimita 35 utasimama karibu mita 2 kutoka kwake. Kwa milimita 50 utahitaji karibu mita 2.8. Kwa milimita 200 utahitaji mita 11, na kama kamera yako ni ya sensa ndogo ya APS-C, kama zilivyo nyingi tunazotumia hapa mjini, utahitaji takriban mita 17. Ni sebule gani yenye mita 17?

Kijana wa juzi nilimpa kamera yenye sensa ya APS-C na lenzi ya 70-300, inayovutwa kutoka milimita 70 hadi 300, aliyokuwa akiitamani, nikamwambia ampige msaidizi wangu humu studio, ambamo kutoka ukuta hadi ukuta mtu anapata mita tatu na nusu tu za kupigia. Alipoivuta hadi 300, uso ulijaza fremu kuanzia kidevu hadi utosi na hapakubaki nafasi ya kitu kingine chochote. Alipoirudisha hadi 70, ambao ndio upana wa mwisho wa lenzi ile, miguu chini ya magoti haikuingia. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akainama, akapanda kiti, na miguu haikuingia. Nikampa milimita 24, akampiga msaidizi mzima pamoja na kiti, stendi ya taa na dirisha. Chumba kilikuwa kilekile.

Hilo ni suala la umbali, nalo linaeleweka mara moja mtu akilishika kwa mikono yake. Suala la mwanga ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu hata wenye uzoefu wa miaka mingi wa harusi hawalifikirii, na si kosa lao. Mwanza iko karibu sana na ikweta, takriban nyuzi mbili na nusu kusini, kwa hiyo urefu wa mchana kati ya Januari na Desemba haupishani hata nusu saa. Tunajua jua litazama karibu saa moja kasoro jioni, mwaka mzima. Mpigapicha aliyekulia hapa anaamini, bila kujua kwamba anaamini, kwamba mwanga upo daima na kazi yake ni kuukwepa saa sita mchana usiweke vivuli vyeusi machoni.

Sasa mpeleke London Desemba. Jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Saa sita mchana liko nyuzi 15 tu juu ya upeo, yaani pembe ileile ambayo sisi tukiwa Capri Point tunaipata takriban saa moja kabla ya jua kuzama ziwani. Siku isiyo na mawingu, mwanga huo ni mzuri ajabu, unampiga mtu ubavuni mchana kutwa. Siku yenye mawingu, na ni nyingi, unakuwa wa kijivu na hafifu, na kufikia saa kumi jioni unapiga kwa taa za dukani na za barabarani. Mtu huyohuyo akienda Juni atapata jua hadi baada ya saa tatu usiku na tatizo hili hatalijua kabisa. Ndiyo maana nauliza mwezi kwanza kabla sijauliza nchi.

Lenzi ndefu za bei ya kawaida, zile za 70-300 au 55-250, zikivutwa hadi mwisho tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi). Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu zote na katika aina ya Canon ina uzito wa gramu 160 tu, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Maana yake kwa kazi ni hii: mahali ambapo f/1.8 inakupa kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde kwa ISO 1600 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/5.6 itakushusha hadi 1/13, au ubaki kwenye 1/125 na upandishe ISO hadi karibu 16,000, na picha ijae chenga.

Hapo ndipo ninapojibiwa kila mara: "Lakini lenzi hii ina kidhibiti mtikisiko." Naomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu limeharibu picha nyingi kuliko vumbi na maji. Kidhibiti mtikisiko kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi mtu aliye mbele yako. Ukipiga jengo la kanisa usiku kwa 1/13, kidhibiti kitakusaidia sana na nitakuwa wa kwanza kukisifu. Ukipiga kwaya kwa 1/13, kuta za kanisa zitatoka kali, mimbari itatoka kali, na waimbaji watatoka ukungu, kwa sababu wanayumba, wanapiga makofi, wanafungua vinywa. Kwa mtu anayeimba sishuki chini ya 1/125, na kwa anayecheza sishuki chini ya 1/250. Kasi hiyo hununuliwi na kidhibiti. Inatokana na mwanga, na mwanga unaingia kwa upana wa tundu la lenzi. Wauzaji huandika kwenye boksi kwamba kidhibiti kinaokoa hatua nne au tano za mwanga (kila hatua ni mwanga mara mbili), na wanasema kweli kuhusu vitu vilivyotulia, lakini anayenunua hasomi sharti hilo.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza afungashe nini, namwambia bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi), lenzi isiyovuta ya milimita 35 (au 24 kwa sensa ndogo), na ya milimita 50 au 85 kwa sura za watu. Asiyependa kubadilisha lenzi achukue 24-70 yenye f/2.8 na asiongeze kitu. Flashi ndogo ni ya hiari. Stendi ya miguu mitatu aiache, kwa sababu makumbusho mengi hayairuhusu ndani, Louvre ya Paris ikiwamo, ambako hata flashi haikubaliki. Droni pia aiache, hasa akipitia Moroko au Misri, ambako huchukuliwa forodhani.

Nikiri kwamba katika mambo mawili sina uhakika ninaotaka kuwa nao. La kwanza ni bodi ya pili. Bodi moja ikifa ugenini, kazi imekwisha, na kukodi kule kunahitaji amana na kadi ya benki ambayo wengi wetu hatuna. Hata hivyo bodi ya pili ni uzito wa siku zote kwa ajili ya ajali ambayo kwa kawaida haitokei. Anayelipwa nadhani aibebe. Anayekwenda kusoma, simu yake inatosha kuwa akiba. La pili ni lenzi ndefu yenyewe, kwa sababu kuna picha ambazo bila hiyo hazipo. Milima iliyopangana safu kwa safu, kama Alps zinavyoonekana ukiwa bondeni, hupendeza kwa milimita 200 kuliko kwa 24, ambayo huifanya iwe vilima vya mbali. Kwa anayekwenda kwa ajili ya milima au ndege wa porini, maneno yangu yote ya juu yanageuka. Anayeitaka kwa ajili ya mpira, hata hivyo, aulize kwanza, kwa sababu viwanja vingi vya Ulaya havimruhusu mtazamaji kuingia na lenzi kubwa.

Uzito nao una neno la mwisho. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 7 za begi la mkononi kwa daraja la kawaida. Begi tupu la kamera lenye sponji ni karibu kilo 1.8, kompyuta mpakato na chaja yake kilo 2, bodi gramu 750, lenzi ya 24-70 gramu 800, na 70-200 ya f/2.8 ya zamani inafika karibu kilo moja na nusu. Hapo umekaribia kilo 7 na bado hujaweka flashi, betri wala chaja. Tena safari yako inaanzia uwanja wa Mwanza, na ukipangiwa ndege ya pangaboi hadi Dar es Salaam, makabati ya juu ni madogo na begi nene linaweza kuchukuliwa mlangoni likawekwa chini na mizigo mingine.

Likichukuliwa, toa betri zote kwanza. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Zinakaa nawe, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake za chuma. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) kwa betri moja, na betri ya kamera ina takriban Wh 16, kwa hiyo kwa upande huo huna wasiwasi. Pawabenki ndiyo inayokamatisha watu: ya mAh 20,000 ni Wh 74 na inapita, ya 30,000 ni Wh 111 na inahitaji kibali cha shirika. Emirates, tangu Oktoba 2025, inaruhusu moja tu kwa abiria na hairuhusu kuitumia ndani ya ndege.

Plagi ni jambo jepesi. Uingereza na Dubai wanatumia zetu hizihizi za pini tatu bapa. Ujerumani na Ufaransa ni pini mbili za mviringo. Marekani ni pini bapa ndogo na umeme wa volti 120. Chaja iliyoandikwa 100-240V haihitaji transfoma, inahitaji adapta tu. Wapigaji wa video wanaokwenda Marekani wajue kwamba umeme wa kule ni hezi 60, si 50 kama wetu, na kasi ya shata ya 1/50 iliyozoeleka hapa itawaletea mistari inayopanda na kushuka chini ya baadhi ya taa. Waweke 1/60 au 1/120.

Kwenye baridi, betri huisha haraka. Ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti. Ukitoka nje kwenye baridi kuingia chumba chenye joto, usifungue begi. Lifunge zipu, liache kwa saa moja au zaidi hadi vifaa vipate joto la chumba, la sivyo utaona kioo cha mbele kikipauka kwa matone madogo, na ukikifuta yanarudi, na mengine yako ndani ambako kitambaa hakifiki.

Mwisho ni forodha. Andika namba za bodi na lenzi zote, ubebe nakala za risiti, na kama vifaa ni vipya uwaone maofisa wa forodha uwanjani kabla ya kuondoka, ili ukirudi usidaiwe ushuru wa kitu ulichotoka nacho. Kwa vifaa vya kuazima, risiti ina jina la mtu mwingine, kwa hiyo omba barua fupi ya mwenyewe yenye namba hizohizo na sahihi yake. Mimi huiandika siku ileile ninapoazimisha.