Ridhaa ya kuchapisha kisa cha mgonjwa ni nini?

Juni 5, 1981, taarifa ya wiki ya mamlaka ya afya ya Marekani ilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia ya nadra. Wawili walikuwa wameshafariki. Kurasa chache tu, na ndizo zilizoutangaza kwa mara ya kwanza ugonjwa ambao baadaye tuliuita Ukimwi. Maandishi ya namna hii huitwa ripoti ya kisa: daktari anaona jambo geni kwa mgonjwa mmoja au wachache, analiandika ili wenzake wasije wakalipita.

Faida yake haina ubishi. Tabu ni kwamba kisa kina mwenyewe.

Wengi hudhani ukishaondoa jina, umemaliza. Hebu soma mfano huu niliotunga: "Mwanamume wa miaka 43, mvuvi wa Kilwa Kisiwani, aliletwa akiwa na kipande cha mdomo wa samaki, mrefu uliochongoka kama sindano, kimevunjikia shingoni." Jina halimo, lakini Kisiwani nani hamjui? Hata mtoto aliyetumwa dukani atakuonyesha nyumba yake. Picha nazo ni vivyo hivyo: ule mstari mweusi machoni, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ilishasema hautoshi kumficha mtu.

Basi tubadilishe, awe mkulima wa Dodoma? Hapo kisa kimekufa, maana samaki yule anaruka baharini usiku akifuata mwanga wa taa, na jeraha bila bahari halielezeki. Ndiyo maana inabidi mwenyewe aulizwe.

Ridhaa hii si ile aliyoitia saini kabla ya upasuaji. Ile ilikuwa ya kutibiwa. Hii ni ya kusimuliwa. Inatakiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, si fomu ya Kiingereza anayosukumiwa na kalamu juu yake, kwamba habari zake zitasomwa na yeyote kwenye intaneti na zikishatoka hazirudi. Aonyeshwe andiko lenyewe kama bado anaweza kutambulika. Na ajue kuwa akikataa, dawa zake ni zilezile. Kwa mtoto, mzazi husaini, ingawa atakayekua na picha ile ni mtoto.

Kisa kinachonisumbua mimi ni cha Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 kutibiwa kifafa, akatoka hana uwezo wa kutunza kumbukumbu mpya. Ripoti ya mwaka 1957 ikamfanya maarufu duniani, na watafiti wakaendelea kumchunguza miaka mingi. Leo umwombe ridhaa, akubali, utoke nje kidogo; ukirudi hajui uliuliza nini, wala wewe ni nani. Majarida yalimwita H.M. tu, hadi alipofariki mwaka 2008.