Ukungu ukutani: kwa nini unarudi, na uutoe vipi bila kujidhuru

Madoa meusi yametokea nyuma ya kabati. Nimeyafuta mara mbili, yamerudi. Kwa nini?

Kwa sababu maji bado yapo. Ukungu ni kuvu, na vijimbegu vyake huelea hewani katika kila nyumba, hata ile inayodekiwa kutwa mara mbili. Vinachosubiri ni unyevu tu. Kitu kikibaki kimelowa saa 24 hadi 48, vinaweza kuanza kuota.

Basi kabla ya kushika brashi, tafuta maji yanatoka wapi. Sogeza kabati, pitisha kiganja ukutani. Ukuta ukiwa umelowa chini tu, karibu na sakafu, huenda maji yanapanda kutoka ardhini. Doa likianzia juu na kushuka, kagua paa. Likiwa upande wa bafu, kagua bomba. Usipoona mvujo popote, kosa ni la hewa: kabati limebanwa ukutani, hewa haipiti, na mvuke unageuka matone kwenye ukuta wenye ubaridi. Hapo kuliacha kabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja kunasaidia kuliko chupa nzima ya dawa.

Ni kweli ule mweusi ndio hatari zaidi?

Rangi haikuambii hatari. Uwe mweusi, wa kijani au mweupe kama pamba, utoe. Kwa kawaida hakuna haja ya kulipia vipimo vya maabara, maana hatua za kuchukua ni zilezile.

Unadhuru afya, au ni uchafu tu?

Unadhuru. Wapo wasiohisi chochote, lakini wengine huziba pua, hupiga chafya, huwashwa macho na kukohoa. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua ghafla. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayetibiwa saratani, kuvu inaweza kushambulia mapafu. Mtu huyo asiushughulikie kabisa, na mwenye pumu pia amwachie mwingine.

Dokezo moja hupuuzwa sana: dalili zinazopungua ukilala kwingine na kurudi ukirudi nyumbani. Mweleze daktari hivyo. Inaniuma kuona mtoto akinyweshwa dawa ya kikohozi mfululizo huku kitanda chake kimeegemea ukuta wenye ukungu.

Niusafishe vipi?

Ukiwa hauzidi takriban mita 1 ya mraba, unaweza mwenyewe. Vaa glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani. Ya kitambaa haitoshi. Funga mlango wa chumba, fungua madirisha, watoto wakae mbali. Usiufagie wala kuukwangua ukiwa mkavu, kwani utautimua hewani. Uloweshe kwanza, usugue kwa maji na sabuni, kisha ukaushe ukuta ukauke kweli. Rangi isipakwe juu ya ukungu. Itabanduka, nao utachungulia tena.

Godoro, zulia au dari ya jipsamu iliyoota ukungu ndani kwa kawaida haisafishiki. Itupe, japo inauma. Eneo likiwa kubwa, au kama yaliingia maji ya choo, ita fundi anayeijua kazi hiyo.

Na dawa ya klorini ya kutolea madoa?

Si lazima. Ukiitumia, isizidi mililita 240 katika takriban lita 4 za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na dawa yenye amonia, siki, wala dawa ya choo yenye asidi. Wengi huchanganya wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe wanatengeneza gesi ya sumu inayounguza mapafu. Ukihisi koo linawaka, acha kila kitu, toka nje upate hewa, na utafute matibabu ikiwa kifua kinabana.

Kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima. Nitauzuiaje?

Nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, ujitahidi kubaki chini ya asilimia 60. Kuacha madirisha wazi siku nzima si suluhisho kila mara: mvua ikinyesha, hewa ya nje inaweza kuwa na maji kuliko ya ndani. Fungua kunapokauka, washa feni, funika sufuria unapopika, usianike nguo chumbani. Kiyoyozi kisiwekwe baridi mno, kwa maana kuta zilizopoa sana hutoa jasho. Kila baada ya siku chache fungua kabati la nguo, uguse mkanda wa ngozi au viatu vilivyokaa chini kabisa. Ukiona vumbi la kijivu laini kama sufi, ukungu umeshaingia humo.