Mamajusi ni akina nani hasa?

Wengi wetu tunalijua neno hili kupitia Mathayo 2: "mamajusi wa mashariki walifika Yerusalemu." Hapo ndipo picha ya wafalme watatu wenye ngamia inapojengeka, ingawa Mathayo hasemi walikuwa watatu wala hawaiti wafalme. Anataja zawadi tatu tu: dhahabu, uvumba na manemane.

Neno lenyewe ni la Uajemi ya kale. Magush alikuwa kuhani. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, anawataja kuwa mojawapo ya makabila sita ya Wamedi, jirani wa Waajemi, na anasema Mwajemi hakuweza kutoa sadaka bila mmoja wao kusimama pale na kuimba. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Persepolis, mji wa kifalme wa Uajemi ya kale, kuanzia 1933 yanawaonyesha katika shughuli zao za kawaida kabisa: wanapokea nafaka na mvinyo kutoka ghala la mfalme kwa ajili ya ibada. Walikuwa watu wa kazi rasmi, wenye posho yao. Kuhani alisimama mbele ya moto akiwa ameshika kicha cha vijiti, kinywa kakifunika kwa kitambaa ili pumzi yake isiuchafue.

Neno hilo limechongwa pia kwenye jabali la Behistun, magharibi mwa Iran. Hapo Mfalme Dario wa Uajemi anasimulia jinsi alivyomuua Gaumata, "magush" aliyejidai kuwa Bardiya mwana wa Koreshi na kutwaa kiti cha enzi mwaka 522 KK. Bila shaka hayo ni maneno ya mshindi. Baadhi ya wanahistoria wanaamini aliyeuawa alikuwa Bardiya mwenyewe.

Waliolichafua jina hili ni wageni. Wagiriki waliona ibada wasizozielewa, wakalifanya magos limaanishe pia mganga na mchawi. Kutoka hapo lugha za Ulaya zikapata neno lao la uchawi. Ndiyo maana katika Kigiriki cha Agano Jipya, wageni wa Bethlehemu na Elima, yule mchawi wa Matendo 13, wanaitwa kwa neno moja. Kiswahili kimewatenganisha.

Kwa Waarabu likawa majus, na Kurani inawataja katika Surat al-Hajj, aya ya 17. Hapo si makuhani peke yao tena bali wafuasi wote wa dini ya Zarathustra, nabii wa kale wa Uajemi. Kuwaita waabudu moto ni kuwaonea: wanamwabudu Ahura Mazda, Mungu wao, na moto ni alama wanayoielekea wakisali.

Cheo chenyewe kingali hai. Chini ya Wasasani, ukoo wa wafalme wa Uajemi (224–651), mkuu wa makuhani aliitwa mowbed, yaani mkuu wa mamajusi, na leo mobed ndilo jina la kuhani wa dini hiyo nchini Iran na miongoni mwa Waparsi, wafuasi wa dini hiyo wenye asili ya Uajemi walioko India, ambao ndugu zao waliohamia Zanzibar walijenga huko hekalu lao la moto.